Sikupotea, Nilichelewa

Mwanamke huyu alisoma mita za maji kwa miaka ishirini na saba. Kila siku ya kazi aliingia nyua za watu, akainua mfuniko wa chuma, akakifuta kioo kwa kidole gumba, akaandika tarakimu, akatoka. Eneo lake lilikuwa na nyumba mia nne na ushei, na alilijua kama ulimi unavyoyajua meno. Mbwa walimng'ata mara mbili. Mama mmoja aliwahi kumfukuza na mchi. Siku moja alimkuta nyoka amejikunja juu ya mita. Akasimama pembeni, akamsubiri aende zake, kisha akasoma. Watu wakamwita Bi Mita, na alipostaafu yeye, jina halikustaafu.

Mumewe alishatangulia mbele ya haki. Mtoto alikuwa mmoja tu, wa kiume, fundi wa lifti, aliyekuwa na mwaka wa tisa nchi za watu. Huyo ndiye aliyemtumia tiketi. "Mama, umetembea ya kutosha," alimwambia kwenye simu. "Njoo sasa upumzike." Bi Mita akamwachia dada yake nyumba na kuku sita, akapanda ndege na viatu vyake vya kazi miguuni, maana kwenye sanduku vingemchafulia nguo.

Maana ya kupumzika aliijua alipofika. Mwanawe na mkewe walikaa ghorofa ya tano, vyumba viwili na sebule, na kibaraza cha kuanikia nguo chembamba kiasi kwamba ukitaka kugeuka lazima uuombe ukuta radhi. Fundi aliondoka alfajiri. Mkwe, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hospitali, alifuata saa moja baadaye. Wote wawili walirudi jioni wamechoka hoi. Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi kwa mwandiko wa mwanawe: usimfungulie mtu, usishuke chini, ukitaka kitu nipigie.

Wiki ya kwanza alitii. Alisugua sufuria zilizokuwa zinang'aa tayari. Alipanga kabati la vikombe, akalipangua, akalipanga upya. Wiki ya pili magoti yakaanza kumuuma, magoti yaleyale yaliyostahimili jua la miaka ishirini na saba bila kulalamika.

"Mama, mbona unachechemea?" mkwe akamuuliza.

"Kazi mliyonipa ni ngumu."

"Kazi gani tena?"

"Ya kukaa."

Mkwe akacheka. Fundi hakucheka.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu, wenyewe walipokwisha kuondoka, Bi Mita alitoa ufunguo wa akiba kwenye msumari, akafunga kamba za viatu, akashuka ghorofa zote tano kwa ngazi. Lifti aliipita bila kuitazama.

Sasa, msoma mita hatembei ovyo. Hushika upande mmoja wa mtaa mpaka mwisho, akavuka, akarudi na upande wa pili. Ukifanya hivyo huwezi kupotea, labda mtaa wenyewe upotee. Siku hiyo alifanya mtaa mmoja tu, kwenda na kurudi. Siku ya pili mitaa miwili. Majina yaliyoandikwa kwenye vibao hakuyaelewa, kwa hiyo akaibatiza mitaa majina yake mwenyewe. Palikuwa na Mtaa wa Kinyozi Mwenye Usingizi, kwa sababu kinyozi wa pale alilala kwenye kiti cha wateja, kitambaa shingoni, kama mtu anayesubiri kunyolewa na malaika. Palikuwa na Mtaa wa Mbwa Watatu. Mbwa hao walimbwekea mara moja, yeye akawatazama kwa jicho la kikazi, wakanyamaza. Palikuwa na ngazi ndefu za mawe zilizopanda mlimani hadi mtaa wa juu, akaziita Ngazi za Kutubu.

Kitu kilichomfurahisha kuliko vyote kilikuwa chini. Kando ya njia, mbele ya kila jengo, palikuwa na vifuniko vidogo vya chuma. Alikijua kimoja alipokiona tu. Akainama akakitazama, akasimama, akakigonga kwa kisigino, kikaitika ule mlio wa uwazi. Mita! Akacheka peke yake njiani mpaka fundi viatu wa pembeni akainua kichwa. Bi Mita akamwonyesha mfuniko kwa kidole, kisha akajigonga kifua: huyu na mimi tunajuana. Fundi viatu hakuelewa kitu, lakini alicheka naye, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa kuinuliana mkono.

Akawa anarudi saa tisa, anavua viatu, anaviosha, anaketi kwenye sofa kwa adabu. Magoti yakapona. Mkwe akagundua kwanza, maana mwanamke humjua mwanamke mwenzake. Aliona vumbi jekundu kwenye pindo la gauni, akalipangusa, akanyamaza.

Mambo yaliharibika siku ya mvua. Bi Mita alikuwa amefika mbali kuliko siku zote, ng'ambo ya soko, na wakati wa kurudi akakuta mtaa umezibwa. Mafundi walikuwa wameuchimba, magari yao yamejipanga, kamba zimevutwa. Akazunguka. Mvua ikashuka kwa hasira, akajibanza chini ya kibanda cha muuza maua, akangoja. Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaanza kuingia, na mwanawe amesimama chini mlangoni pamoja na mlinzi wa jengo na watu wanne aliokuwa amewakusanya wamtafute. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu.

"Mama! Umepotelea wapi?"

"Sikupotea. Nilichelewa."

"Nimepiga simu polisi! Nimepiga hospitali!"

"Ungepigia mvua. Ndiyo iliyonichelewesha."

Wale watu wanne walitazama chini, kama watu wanavyofanya wanaposhuhudia ugomvi wa lugha wasiyoijua lakini mada wanayoijua vizuri. Mwana akamshika mama mkono, akampandisha kwa lifti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipanda tangu siku aliyofika.

Usiku ule fundi alizungumza sana. Akasema hapa si kwetu. Akasema watu wa hapa hawana simile. Akasema, "Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake."

"Basi niache nile. Ni yangu."

Fundi akatoa kadi ya plastiki aliyoitengeneza palepale, anwani upande mmoja na namba ya simu upande wa pili, imetobolewa tundu na kutiwa kamba. "Angalau vaa hii."

Bi Mita aliigeuza kadi ile, akaisoma pande zote mbili, akaiweka mezani taratibu. "Mwanangu, kamba shingoni huvaa mbuzi wa mnada. Mimi nimeingia nyua mia nne za watu nikiwa na jina langu kifuani na heshima yangu mdomoni. Sivai."

Fundi akaenda kulala bila kuaga.

Asubuhi yake msumari ulikuwa mtupu. Bi Mita akajaribu mlango, haukutikisika. Akapiga simu.

"Mlango umekwama."

"Haujakwama, Mama. Nimeufunga. Ni kwa usalama wako, siku chache tu, mpaka tuelewane."

"Na moto ukizuka?"

"Nitakuja."

"Utakuja na mbawa?"

Lakini fundi alikuwa ndani ya shimo la lifti mahali fulani, na simu ikakatika.

Bi Mita alisimama mbele ya mlango ule kwa muda. Hakulia. Aliutazama kama alivyozoea kutazama mita iliyogoma: kwanza unaangalia imefungwa na nini. Kitasa kilikuwa cha mtindo wa zamani, sanduku la chuma lililopachikwa kwa ndani. Skrubu nne kwenye ubao, mbili kwenye fremu. Chini ya kitanda cha mwanawe ulikuwepo mfuko wa pili wa vifaa. Akachagua bisibisi iliyomtosha mkononi, akavuta kigoda, akaketi, akaanza.

Skrubu ya tatu ilikuwa na kutu. Aliitia tone la mafuta ya kupikia, akaipa muda, akanywa chai. Ilipolegea alisema nayo, "Ahsante." Baada ya nusu saa kitasa chote kilikuwa mapajani mwake na mlango umefunguka wenyewe kidogo, kama mtu anayechungulia.

Hakuwa mwanamke wa kuacha nyumba ya watu wazi. Alivuka ukumbi wa ngazi, akagonga mlango wa jirani, mshona nguo mmoja mzee aliyefanyia kazi chumbani mwake. Lugha hawakushirikiana hata neno, ila salamu. Bi Mita akamwonyesha kitasa, akamwonyesha tundu la mlangoni, akafanya ishara ya kufungia ufunguo kwa nje, kisha akajionyesha yeye mwenyewe. Mshona nguo akatazama tundu. Akatazama kitasa. Akasema maneno mengi, na bila shaka hayakuwa ya kumsifu fundi. Kisha akaleta kiti chake na suruali aliyokuwa akiipinda, akaketi katikati ya mlango, sindano mkononi. Hata jeshi lisingepita.

Kitasa Bi Mita alikiweka katikati ya meza ya kulia. Skrubu sita akazipanga kwenye kisosi, za ubao upande huu, za fremu upande ule. Bisibisi akaifuta, akailaza kando. Akaenda matembezini.

Siku hiyo fundi aliwahi kurudi. Huenda moyo ulimsuta, huenda ni lile neno la moto. Lifti ilipofunguka aliona mshona nguo amekaa mlangoni kwake, na mahali pa kitasa ni tundu tu. Mshona nguo alimtazama juu mpaka chini, akakata uzi kwa meno, akabeba kiti chake, akaingia kwake bila kumsalimia.

Bi Mita aliporudi alimkuta mwanawe amekaa mezani, anakitazama kisosi. Mkwe alikuwa ameshaingia pia, bado kavaa koti, mkono mdomoni.

"Mama," fundi akasema kwa sauti ndogo, "umenibomolea nyumba."

"Sijabomoa. Nimefungua. Skrubu zako hizo, hesabu."

"Huoni hatari uliyo—"

"Ngoja." Bi Mita akavuta kiti, akaketi. "Nikuulize. Kazi yako wewe ni ipi?"

"Unaijua."

"Iseme."

"Fundi wa lifti."

"Na lifti ikikwama na mtu ndani, anaitwa nani?"

Fundi akakisogeza kisosi.

"Anaitwa mwanangu," Bi Mita akajijibu. "Mwanangu anaacha chakula, anakimbia, anawatoa watu waliofungiwa. Nimejisifia hilo kwa dada zangu wote. Halafu asubuhi huyohuyo anamfungia mama yake ndani, anaweka ufunguo mfukoni."

Hapo mkwe alishindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukigeuza kikohozi, hakikukubali. "Nisamehe, mume wangu," akasema huku akifuta macho. "Lakini skrubu kazipanga! Mimi ningevunja bawaba."

Fundi hakucheka, ila kitu kilimlegea usoni. Akainamisha kichwa, na kwa muda mrefu akawa anaizungusha skrubu moja ndani ya kisosi kwa ncha ya kidole. Kisha akasema jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia.

Mwaka wake wa kwanza, akasema, alitumwa kutengeneza lifti mtaa wa juu, kule zinakoishia zile ngazi za mawe. Alipotoka na mfuko wake, wanaume watatu wakamzuia. Wakamuuliza, "Unamtafuta nani huku?" Aliwaambia anatoka kazini. Wakauchukua mfuko, wakamwaga vifaa vyote kwenye mtaro wa maji machafu, wakakaa ukingoni wakimtazama akiviokota. Kila alipookota kimoja walipiga makofi. Watu walipita. Hakuna aliyesimama. Tangu siku hiyo njia yake ilikuwa nyumbani, kituoni, kazini, kituoni, nyumbani. Akitumwa mtaa wa juu hupanda gari la ofisi na kushushwa mlangoni.

"Miaka minane," mkwe akasema. "Miaka minane umelala na hilo pembeni yangu?"

"Ningesema nini?"

Bi Mita hakumkumbatia, hakumbembeleza. Hasira iliyompanda haikumwachia nafasi ya hayo. Ile karatasi ya kwenye friji, ile kadi, kile kitasa, vyote sasa alivielewa. Mwanawe alikuwa amemjengea mama yake ukuta kwa matofali ya woga wake mwenyewe.

"Kesho unaenda kazini?" akauliza.

"Kesho ni mapumziko."

"Basi lala mapema. Tunatoka saa tatu."

"Kwenda wapi?"

"Juu."

Fundi akaja juu, akakataa, akasema Mama hajui anachosema. Bi Mita akasikiliza yote mpaka mwisho. "Umemaliza? Saa tatu. Na kitasa ukirudishe leo, mtaani kuna wezi."

Asubuhi walitoka wote watatu, mkwe akiwa amebadilishana zamu. Bi Mita alitangulia. Na hapo ndipo fundi alipoona ajabu: yeye mwenyeji wa miaka tisa alikuwa mgeni, na mama yake wa miezi miwili ndiye mwenyeji. Kinyozi alifungua jicho moja akampungia. Fundi viatu akainua mkono. Mwanamke wa kwenye duka la nyuzi alitoka nje kabisa kumsalimia, akamshika mkwe shavu. Mbwa watatu walitingisha mikia.

"Kumbe pana duka la nyuzi hapa?" mkwe akauliza. "Mimi hununua mjini, vituo saba."

"Hamtembei," Bi Mita akasema.

Ngazi za Kutubu walizipanda polepole. Katikati fundi alisimama, jasho linamtoka, na hapakuwa na joto. Mkwe akamshika mkono. Bi Mita hakugeuka; alijua akigeuka atamhurumia, na akimhurumia watashuka.

Mtaa wa juu ulikuwa mtaa tu. Nguo zilianikwa madirishani, mtoto alikuwa analia mahali, redio ilikuwa inaongea. Fundi akauonyesha mtaro kwa kidevu bila kusema. Kwenye kizingiti cha karakana moja alikuwa ameketi mwanaume mnene mwenye mikono ya mafuta. Alipowaona akasimama, akajaza mlango, akauliza kitu.

Fundi akaganda.

"Kasemaje?" Bi Mita akauliza.

"Anauliza... tunamtafuta nani."

"Ni mmoja wa walewale?"

"Sijui. Sikumbuki nyuso."

"Mwambie hatumtafuti mtu. Tunatembea."

Fundi akafungua mdomo. Sauti ya kwanza iliyotoka haikufika popote. Mwanaume yule akakunja mikono kifuani. Hapo Bi Mita akasogea, akaweka mguu wa kulia juu ya kizingiti cha karakana, hatua moja tu kutoka kwenye viatu vya yule bwana, akaanza kufunga kamba ya kiatu. Akaifungua yote kwanza. Akaivuta tundu kwa tundu. Akafunga fundo, halikumridhisha, akalifungua, akafunga jingine. Mtaa mzima ulinyamaza kumsubiri. Kisha akabadilisha mguu.

Ndipo fundi aliposema. Alisema kwa lugha ya pale, wazi, na aliposema mara moja akarudia tena kwa sauti iliyofika mpaka madirishani: hatumtafuti mtu, tunatembea.

Mwanaume wa karakana akawatazama wote watatu, akaangalia viatu vya Bi Mita, akapandisha mabega. Akarudi kukaa. Hakuomba radhi, hakutabasamu, na wao hawakumngoja afanye hivyo. Walitembea mtaa ule mpaka mwisho, wakavuka, wakarudi na upande wa pili.

Isidhaniwe kwamba tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa asali. Fundi bado hupiga simu saa sita mchana kuuliza Mama yuko wapi, na mara nyingine Mama hapokei kwa makusudi. Karatasi ya friji ilitoka. Ufunguo alipewa wake, wala hautundikwi tena msumarini. Alhamisi mkwe anapokuwa na zamu ya jioni, asubuhi hutoka pamoja, na mkwe ndiye sasa anayeuliza, "Mama, leo tunafungua mtaa gani?"

Alhamisi moja, kwenye mtaa mpya kabisa nyuma ya shule, mzee mmoja alichomoza kichwa kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza akawapigia kelele. Mkwe akaharakisha mwendo.

"Kasemaje huyo?"

"Hamna kitu, Mama."

"Mkwe wangu."

"Anasema turudi kwetu."

Bi Mita akapita mbele hatua kadhaa. "Nifundishe kusema," akasema hatimaye, "kwamba nakaa mtaa wa chini, ghorofa ya tano, na wiki ijayo napita tena."

Alijifunza wiki nzima, anakata vitunguu anasema, anaanika nguo anasema. Mshona nguo akamsahihisha kupitia mlango ulio wazi. Alhamisi iliyofuata walipita saa ileile, na dirisha likafunguka, na mzee akaanza. Bi Mita akasimama katikati ya njia, akainua uso, akamsomea maneno yake yote bila kuruka hata moja. Mzee akarudisha kichwa ndani. Kisha dirisha likafungwa kwa kishindo, vioo vikalia.

Wakaendelea na safari.

"Matamshi yalikuwaje?" Bi Mita akauliza.

"Mabaya sana, Mama."

"Lakini alielewa?"

"Alielewa."

"Basi."